Kilima Ndani ya Depo

Mume wangu Muhindo alikuwa mnene. Nalisema mwanzoni kabisa, mtu asije akadhani nimemficha. Alifika Kisangani akiwa kijana mwembamba wa milimani, kutoka juu ya Butembo, akauza maharage ya kwao kwa kopo. Habari hii inapoanza ana depo nzima karibu na soko, chumvi, sabuni, maharage na makayabu, samaki wa chumvi, pamoja na tumbo linalomtangulia mlangoni. Huku hakuna kilima. Mji umelala kando ya mto, na mtu mwenye pikipiki anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupandisha mguu mahali popote. Miguu yake ilisahau kazi, mimi naona hivyo.

Kwa hiyo siku ile lori liliposhusha mashine katikati ya mifuko ya chumvi, nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Tapis roulant. Mashine ya kukimbia bila kwenda popote, nyeusi, nzito, imeshatumiwa huko Ulaya na watu ambao bila shaka nao waliichoka. Wapakuzi wetu waliiita tapi saa ileile, na jina likabaki. Nikamuuliza mume wangu kama sasa tutauza na michezo. Aliinama akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake la misa, na hapo nikajua kwamba mzaha wangu umekosa mahali.

Ilikuwa habari ya mama yake.

Mama Kyakimwa alikuwa anaishi kule kilimani na mjukuu wake Aimée, mahali ambapo gari linaishia chini, kwenye daraja la miti, na kilichobaki ni njia ya miguu, mwinuko mtupu hadi mlangoni pake. Miguu yake ilikuwa imekataa. Kifua nacho kilimbana kila baridi iliposhuka, na daktari aliyemwona alisema asibaki juu kule, ahamie mahali pa joto, karibu na hospitali. Sisi tulikuwa na chumba. Joto tunalo, la kugawia na majirani. Kazi ilikuwa moja tu, kumshusha.

Na hapo ndipo alipokataa. Kwao mtu asiyeweza kutembea hushushwa kwa machela, wanaume wanne, miti mabegani. Mumewe alishushwa hivyo, dada yake pia, na hakuna aliyerudi. Vijana walipokuja na machela yao aliwaambia waende wakabebe kuni. Kisha akampigia mwanawe simu. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Watu wane wanabebaka maiti," alisema. "Mimi niko muzima. Nilikubeba ku mugongo mpaka watu wakanicheka. Kuya na wewe unibebe ku mugongo, niteremuke. Kama hapana, uniache hapa."

Bon. Mwanamke wa aina hiyo humbishii. Nimekaa jikoni mwake, namjua, akishasema neno analifunikia sufuria. Na alichosema kilikuwa kweli. Muhindo ni mvulana aliyekuja baada ya mabinti wengi, akabebwa mpaka umri wa aibu, miguu yake inaburuza kwenye majani. Lakini Muhindo wa sasa alikuwa anasimama katikati ya ngazi za kanisa kuvuta pumzi, akijifanya anasalimia watu. Angembeba mama yake kwenye mteremko ule, wangeanguka wote wawili. Asipombeba, mama angebaki kwenye baridi mpaka kifua kimmalize. Sote nyumbani tulilijua hilo, hata pale tulipokaa tukizungumza habari za sabuni.

Basi tapi ikawekwa nyuma ya depo, kati ya chumvi na maharage. Kilichokosekana kilikuwa wakati. Mwenye depo hana wakati wake mwenyewe. Kabla hujanywa chai lori limefika, kabla hujalimaliza lori watu wa mto wameshafunga mitumbwi yao, wanataka kupakia na kuondoka kungali mchana. Muhindo alikuwa ameona kwenye simu watu wanakimbia saa nzima na chupa ya maji pembeni, naye akataka saa yake nzima. Wiki ya kwanza aliipata mara moja. Alikimbia kwa hasira, akashuka uso umebadilika rangi, kisha hakuikanyaga tena mpaka Jumapili, na Jumapili umeme haukuwepo.

Binti yetu Exaucée anasomea kuwatembeza wagonjwa na kuwanyoosha viungo. Alimkalisha baba yake kwenye gunia na kumwambia kwamba saa nzima isiyokuja haimsaidii mtu. Achukue vipande. Kipande kabla ya kufungua milango. Kipande lori linapopakuliwa, maana wakati huo kazi yake ni kupiga kelele tu, na kelele zinaweza kupigwa hata juu ya mashine. Kipande mchana, wanunuzi wanapoenda kula. Na ndani ya kipande asiende mwendo mmoja, aende haraka mpaka maneno yakatike mdomoni, apunguze mpaka yarudi, halafu haraka tena. Na mbele ya mashine painuliwe, kwa sababu anakokwenda si uwanjani. Baba yake akanung'unika kwamba huko ni kuuza rejareja. Exaucée akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alianza na kopo, na depo hii ilitoka ndani ya kopo hilo. Siku hiyo nilimpenda mtoto wangu kupita kiasi.

Haya. Vipande vikaanza, na pumzi ikaanza kurudi polepole, na suruali zikaanza kudai mikanda. Hilo mtu yeyote angelitarajia. Lililokuja baadaye sikulitarajia mimi.

Alianza kusalimia watu. Mara ya kwanza nilidhani anaongea na mpakuzi. Nikachungulia: yuko peke yake juu ya tapi, macho nusu yamefumba, mwanga unashuka kwenye tundu la bati na vumbi la maharage linaelea ndani yake, naye anasalimia kwa Kinande, taratibu, na kungoja ajibiwe, na kujibu tena. Nilimuuliza ni nani huyo. Akasema ni mhunzi, nyumba ya kwanza ukivuka daraja. Alisema hivyo bila kufungua macho, kama mtu anayeulizwa njia.

Anaijua njia ile jiwe kwa jiwe. Alikuwa ameitandika yote juu ya mashine. Daraja la miti, nyumba ya mhunzi, kona ya udongo mwekundu ambapo mvua hukata njia, mikaratusi, chemchemi, kisha mwinuko wa mwisho ambao hata mbuzi huupanda wakikaa kaa. Kila kipande cha siku kilianzia pale kilipoishia cha jana. Siku moja alisogea pembeni kuwapisha ng'ombe, nusura ashuke na mashine. Nilimtukana kidogo, kwa hofu.

Halafu mimi nami nikaingia. Sijui niseme vipi. Mchana, baada ya kula lituma na pondu, joto linapokaa mabegani mwa mtu na mvua inaanza kutembea juu ya mabati, mimi hukaa mezani pangu na usingizi unaniomba. Tapi inanguruma nyuma yangu, mguu, mguu, mguu. Na maboksi ya sabuni yanasogea mbali. Ukungu unaingia kati ya magunia, ule wa kwao, wenye harufu ya moshi na majani ya viazi, na ngozi ya mikono yangu inasisimka kwa baridi, hapa hapa Kisangani. Nasikia maji chini ya daraja. Kilima kimesimama ndani ya depo, kinaanzia kwenye chumvi na kupanda hadi paani, na huko paani kuna nyumba, mlango wake uko wazi, na mtu amekaa nje anatazama njia. Kila siku mume wangu alikuwa karibu naye zaidi kidogo. Nilikuwa naamka na uso umelowa, na mnunuzi amesimama mbele yangu anaomba katoni mbili za sabuni.

Wanunuzi walizoea. Papa Lukumani wa Yanonge, ambaye huja kwa mtumbwi wa mota kuchukua chumvi ya duka lake, mara ya kwanza alinuna, akasema hajavuka maji kuja kumtazama mtu mzima akicheza. Nikamweleza habari ya mama. Tangu siku hiyo akifika huuliza tu mume wangu amefika wapi. Nikisema amepita mikaratusi, anakaa juu ya gunia kungoja, kofia magotini. Yeye ni mtu wa mto, hajawahi kuona kilima cha kweli, na aliniuliza kwa aibu kama huko juu mtu anayeangusha kitu hukiona tena. Mara akaanza kuja na samaki wa moshi waliofungwa kwenye majani, akisema ni wa yule mama. Tuliwala sisi, tukamwombea.

Kisha likaja suala la mzigo.

Exaucée alisema miguu iko tayari kujifunza kubeba. Donc, abebe nini, na kiasi gani? Sisi watu wa depo hatujui kupima kwa kitu kingine, sisi tunapima kwa mfuko. Muhindo alimkumbuka mama yake alivyo: mwanamke mpana, mikono imejaa, anayepanda na kikapu cha viazi kinachoning'inia kwa mkanda wa kipaji cha uso, na mtoto juu ya kikapu. Akasema mfuko mzima wa chumvi, si pungufu. Mimi nikasema huyo ni mama wa zamani, tuseme nusu. Alikasirika, na yeye si mtu wa kukasirika. Katika kazi yetu mtu hakadirii chini, anayekadiria chini huumbuka kwenye mizani. Aliniuliza: siku mguu ukiteleza naye yuko mgongoni, nitamwambia nini, nilikukadiria nusu?

Tukampigia Aimée. Muhindo akamuuliza waziwazi kama mama amepungua au yuko mwili uleule.

"Iko tu vile mulimuacha, tonton," Aimée alimjibu mjomba wake.

Sasa, anayetujua sisi anajua kwamba jibu hilo si habari. Ni adabu. Mtu aliye mbali humtupii neno baya kwenye simu, akalala macho na hana la kufanya. Unamwambia wako wazima, na neno lenyewe unaliweka mpaka afike, akae, ale, ndipo umweleze. Mimi mwenyewe huwajibu ndugu zangu hivyo kila mwezi. Lakini siku hiyo tulipokea jibu kama risiti, tukakata simu.

Kwa hiyo nusu mfuko kwanza. Nilimfungia mgongoni kwa kitenge, jinsi tunavyofunga mtoto, fundo kifuani, na wapakuzi wakageuka ukutani kucheka. Na mzigo hakukuwa na kukimbia tena, ni kupanda polepole, vipande vilevile vya siku. Pasaka ilipofika nusu mfuko ulikuwa haumsumbui hata kidogo. Nikasema twende sasa. Akasema nusu si mama yangu. Akawa anaongeza chumvi kwa kopo, kopo lile la zamani la maharage, anaongeza na kutembea, anaongeza na kutembea. Alifanya vipande vingi zaidi. Alizungumza na wauzaji wa Butembo kwenye simu huku anapanda, na wao walidhani yuko njiani.

Mama naye alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya misa. Anamuuliza mwanawe amefika wapi. Muhindo anamwambia, kwenye chemchemi, Mama, na mzigo. Mama anacheka. Mwisho wa kicheko kunakuja kikohozi, na kikohozi kile kila wiki kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Nilikuwa namwangalia mume wangu akingoja kiishe, simu sikioni, na nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, moyo wa huyu na kifua cha yule. Sikulala vizuri miezi hiyo. Siwezi kusema uongo.

Akafika. Ulikuwa mchana wa mvua, Papa Lukumani yupo, wapakuzi wako mlangoni wanangoja anga itulie. Mfuko mzima mgongoni, mwinuko wa mwisho. Mashine ikasimama. Yeye akabaki amesimama juu yake, jasho linadondoka, anatazama mbele kwenye ukuta wa depo jinsi mtu anavyotazama uani kwao. Wapakuzi wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo tukapanda ndege ndogo, maana njia ya gari siku hizo haikuaminika.

Kilima chenyewe kilitupokea kwa baridi na harufu ya moshi. Tulimwacha dereva wa gari la kukodi darajani. Nawaambieni, Muhindo alipanda. Tumbo halikuwepo, miguu ilikuwa inajua. Mhunzi alikuwa nje ya nyumba yake na alisalimiwa, na alijibu, na mimi nilisimama nikishika kiuno kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo yote kwetu, mchana, nikiwa nusu usingizini. Kwenye kona ya udongo mwekundu ni mimi niliyeomba tupumzike. Kwenye mikaratusi ni mimi tena. Yeye aliningoja, hata hahemi, anatazama juu. Nilikuwa na fahari naye.

Aimée alitoka kutulaki uani. Alimkumbatia mjomba wake, akanipa mkono, na hakunitazama usoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka juani, amejifunika blanketi kubwa mpaka shingoni, na kwa mbali alikuwa mpana vilevile. Alikuwa anacheka. Alimwambia mwanawe ageuke aone mgongo, akautazama sana, akasema mgongo uko sawa. Aimée alikuwa ameshapika, lakini mama hakutaka tukae. Alisema jua haliwangojei watu, tutakula chini.

Muhindo akapiga magoti, amempa mgongo, viganja chini, nyayo zimekaa vile Exaucée alivyomfundisha. Akainamisha kichwa na kubana pumzi, jinsi alivyokuwa akifanya mfuko ulipokuja. Mimi na Aimée tukaondoa blanketi. Tukamshika mama kwapani na magotini, tukamweka. Nikapitisha kitenge, nikafunga fundo mbele, kifuani pa mume wangu.

Alikuwa bado anangoja.

"Mumeshamuweka?" akauliza.

Aimée aligeukia ukuta. Mama akasogeza mdomo kwenye sikio la mwanawe.

"Niko hapa," alisema. "Simama."

Alisimama kwa nguvu zote za mfuko mzima. Alirushwa mbele, akapepesuka hadi katikati ya uwanja, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Hapo akasimama wima, akitazama chini. Muhindo ni mfanyabiashara, uzito anaujua kwa mgongo kabla ya mizani. Alijua papo hapo kwamba mama hafiki hata nusu mfuko, kwamba angeweza kuja wakati wa Pasaka, na hata kabla ya Pasaka, na tumbo lake, na pumzi yake fupi, angeweza kumshusha. Chumvi yote ile. Makopo yale yote. Alilia amesimama, na mikono yake ilikuwa imeshika mapaja ya mama yake, hakuwa na mkono wa kujifutia. Nilimfuta mimi. Nilikuwa na hasira hata sikujua nimpe nani, na simu, na adabu yetu, na kila "vile mulimuacha" niliyowahi kuisema mimi mwenyewe.

Mama hakuuliza analilia nini. Alilaza shavu kwenye bega lake.

Tukaanza kuteremka. Alikwenda haraka, haraka sana, miguu iliyozoea mzigo haikuwa na kitu cha kuizuia, na nadhani alitaka kuukimbia uwanja ule. Mimi na Aimée tulikuwa tunakimbia nyuma na vifurushi. Chini ya chemchemi nilimwona mama akitoa mkono kwenye kitenge, akampiga begani kidogo.

"Usikimbie," alisema. "Utanibeba tena lini?"

Muhindo akasimama. Akampandisha vizuri mgongoni, akaanza upya, hatua, kisha hatua, akisalimia kila nyumba na kungoja ajibiwe, na mama naye akisalimia kutoka juu ya bega lake. Chini darajani dereva alikuwa anapiga honi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu.